Bwawa limejaa, megawati 2,115 zipo: mbona umeme bado unakatika?

Machi 2025, akiwa Same mkoani Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji, Rais Samia Suluhu Hassan aligusia jambo lililozua gumzo kuliko maji yenyewe. Alisema mikoa ya kaskazini itapata umeme kutoka Ethiopia kwa kupitia Kenya, kwa kuwa kuusafirisha wa kwetu hadi huko kunapoteza mwingi njiani na kulitia shirika la umeme, TANESCO, hasara ya Sh32 bilioni kwa mwaka. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: tumejenga Bwawa la Julius Nyerere kwa matrilioni pale kwenye Mto Rufiji, tunaambiwa umeme umezidi, halafu tunanunua wa jirani?

Swali hilo lina ndugu zake. Kama megawati zipo, kwa nini taa zinazimika? Kwa nini uniti za LUKU hazijashuka bei? Yale mafuriko ya 2024 kule Rufiji na Kibiti yaliletwa na bwawa? Wapo hata wanaodai kwamba maji yakishapita kwenye mitambo "yameondolewa umeme", hivyo hayastawishi tena mazao. Mengi ya haya yamezaliwa na namba moja, 2,115, iliyotajwa sana majukwaani na kuelezwa kidogo.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapoachwa. Pasi ya wati 1,000, yaani kilowati moja, ikiwashwa kwa saa nzima imekula uniti moja. Kilowati inakuambia pasi inakula kwa kasi gani. Uniti inakuambia imekula kiasi gani. Megawati moja ni kilowati 1,000. Kwa hiyo ukisikia bwawa lina megawati 2,115, maana yake ni kwamba mitambo yake tisa, kila mmoja wa megawati 235, ikiwashwa yote kwa pamoja na kusukumwa hadi mwisho, inaweza kubeba pasi milioni mbili na ushee kwa wakati mmoja. Namba hiyo haisemi mitambo itaendeshwa hivyo kwa muda gani. Hilo linaamuliwa na maji.

Na maji yanatoaje umeme? Aliyewahi kufunga simtanki nyumbani anaelewa nusu ya somo hili. Tangi likikaa chini, maji ya bomba yanatoka kwa kusuasua. Likipandishwa juu ya mnara, yanatoka kwa kishindo. Bwawa linaufanyia mto jambo hilohilo: linayapandisha maji, kisha linayaachia yashuke kwa nguvu kwenye mabomba makubwa yanayozungusha mitambo. Kazi yake ya pili ni kuyatunza maji ya masika hadi kiangazi. Basi, ni hizo mbili tu, kuinua na kutunza. Bwawa halitengenezi maji na halihifadhi umeme.

Lita 1,000 za maji zikishuka kutoka kimo cha mita 100, baada ya kutoa kinachopotea kwenye mitambo, zinafua kama robo uniti hivi. Kwa maneno mengine, kila uniti unayonunua kutoka Rufiji imegharimu lita 4,000 za maji. Kwa kimo cha bwawa hili, mtambo mmoja ukifanya kazi kwa nguvu zote unakunywa kama lita 240,000 kwa sekunde. Mitambo yote tisa inataka zaidi ya lita milioni mbili kwa sekunde, na Mto Rufiji, kwa wastani wa mwaka mzima, hauleti hata nusu ya hapo. Ndiyo maana wasanifu walikadiria bwawa litafua uniti bilioni 5.9 hivi kwa mwaka, ambayo ni kama theluthi moja tu ya zile ambazo zingepatikana kama mitambo yote ingekimbia usiku na mchana mwaka mzima. Huo si udanganyifu wala kasoro. Mabwawa mengi duniani hujengwa na mitambo mingi kuliko maji ya kila siku, ili jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, nguvu ya ziada iwepo; usiku wa manane mitambo inapumzishwa na maji yanabaki. Kasoro ni kuitaja 2,115 kana kwamba ni bomba lililo wazi saa zote.

Kuufunga mto

Mahali penyewe wazee wengi wanapajua kwa jina la Stiegler's Gorge, kutokana na Stiegler, Mzungu anayesemekana kuuawa na tembo huko mwaka 1907. Ni korongo la miamba, na mito inayolijaza inatoka mbali. Kilombero na Luwegu hukutana na kuzaa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu hujiunga kabla ya korongo. Kilombero peke yake huleta zaidi ya asilimia 60 ya maji yote. Ruaha Mkuu, pamoja na ukubwa wa jina lake, huleta kama asilimia 15 tu.

Wazo la kujenga hapo si la juzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, mwaka 1975, na wataalamu kutoka Norway walilichunguza korongo hilo kwa miaka. Fedha hazikupatikana. Mkataba ulisainiwa Desemba 12, 2018, na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa gharama ya Sh6.5 trilioni na ushee, fedha za serikali yenyewe. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Julai 2019.

Swali ambalo watoto huuliza na watu wazima huona haya kuuliza: unajengaje ukuta katikati ya mto unaotiririka? Jibu ni kwamba hujengi katikati ya maji. Kwanza unachimba handaki kwenye mwamba wa pembeni, kutoka juu ya eneo la ujenzi hadi chini yake. Handaki likikamilika, unarundika matuta ya muda kuziba mto, na maji yanalazimika kuingia handakini na kutokea upande wa pili. Kwa Rufiji, mchepusho huo ulifanyika Novemba 2020. Kinachobaki kati ya matuta hayo ni sakafu ya mto. Inakaushwa kwa pampu, inakwanguliwa hadi kwenye mwamba mgumu, na nyufa za mwamba zinadungwa saruji, kwa sababu maji yenye msukumo mkubwa hutafuta upenyo hata chini ya ukuta.

Hapo ndipo tuta kuu linaanza kupanda. Zege lake si lile rojorojo la kumwaga kwenye nguzo za nyumba. Ni zege kavukavu, lenye saruji kidogo, linalomwagwa na malori, linasambazwa na tingatinga, kisha linashindiliwa na magari ya kushindilia barabara, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa na unene wa kama sentimita 30. Sababu ni mbili. Linajengeka haraka, na halichemki sana. Saruji inapoganda hutoa joto. Kwenye ukuta wa nyumba halina madhara, lakini ndani ya mlima wa zege joto hilo halina pa kutokea, na ukuta ukija kupoa baada ya miezi unapasuka.

Tuta hilo lina kimo cha mita 131 na urefu wa mita 1,025. Linasimama kwa uzito wake tu. Maji yanalisukuma, lenyewe limekaa. Pembeni kuna matuta madogo manne ya kuziba mabonde ambayo maji yangepitia kukwepa ukuta mkubwa.

Desemba 22, 2022, Rais Samia alibonyeza kitufe, mlango wa handaki ukafungwa, na maji yakaanza kujikusanya nyuma ya tuta. Kazi nzima ilipaswa kukamilika Juni mwaka huo, ilichelewa. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024 na wa tisa mwaka 2025. Kujaza bwawa la ukubwa huu, ambalo ziwa lake linarudi nyuma kama kilomita 100, si kazi ya msimu mmoja, na mitambo haiwezi kuanza mpaka maji yafike kimo cha mita 163 juu ya usawa wa bahari. Bwawa likijaa kabisa ni mita 184. Shika namba hizo mbili.

Umeme umezidi, na umeme umekatika

Machi 2024 TANESCO ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko watumiaji. Wiki chache baadaye, siku ya Jumatatu ya Pasaka, hitilafu kwenye Gridi iliiacha nchi gizani. Waliokuwa wakifuatilia habari waliona utani mbaya. Lakini mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja bila kugombana.

Umeme wa kwenye Gridi hauna stoo. Unaofuliwa sekunde hii ndio unaotumika sekunde hii. Kukiwa na mwingi mno, mitambo inakimbia kupita kiasi. Ukipungua, inazidiwa na kupunguza mwendo. Kote nchini mitambo inapaswa kwenda kwa mdundo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde, na ukiyumba kidogo tu vifaa vya ulinzi hukata ili mitambo isiungue. Sasa fikiria mfumo ambao mahitaji yake ya juu kabisa mwaka 2025 yalikuwa kama megawati 1,900, na mtambo mmoja wa Rufiji ni megawati 235. Ukizimika ghafla, karibu sehemu moja ya nane ya umeme wa nchi imeondoka kufumba na kufumbua. Chanzo kikubwa ni baraka, lakini kikijikwaa nchi nzima inajua.

Halafu kuna kutofautisha mgao na katizo. Mgao ni pale umeme unaofuliwa haumtoshi kila mtu, hivyo mnapeana zamu. Katizo ni pale umeme upo ila haujakufikia: nguzo imeoza, mti umeangukia waya, transfoma ya mtaa iliyofungwa wakati mko kaya 40 sasa inahudumia 200. Bwawa linatibu mgao. Transfoma ya mtaani kwenu haijui kama Rufiji kumejengwa kitu. Binafsi naona hili ndilo kosa kubwa la namna mradi ulivyouzwa kwa wananchi. Waliahidiwa mwisho wa giza, ilhali kilichojengwa kinaondoa chanzo kimoja tu cha giza.

Sasa, Ethiopia

Waliompinga Rais walikuwa na hoja kali: kama tatizo ni umbali, Ethiopia si mbali zaidi na Moshi kuliko Rufiji? Ni mbali zaidi, tena sana. Ila umbali ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni ukubwa wa njia.

Umeme ukipita kwenye waya unaupasha moto, na joto hilo ni uniti zinazopotea. Unaweza kusafirisha nguvu ileile kwa msongo mdogo (msukumo wa umeme, unaopimwa kwa kilovolti) na mkondo mkubwa (wingi wa umeme unaopita kwenye waya), au kwa msongo mkubwa na mkondo mdogo. Ukiongeza msongo mara mbili, mkondo unapungua nusu, na upotevu unashuka hadi robo. Kutoka bwawani hadi Chalinze imejengwa njia ya kilovolti 400, kilomita 160 hivi. Lakini kutoka Chalinze kwenda kaskazini kupitia Hale na Same hadi Moshi na Arusha, njia iliyopo ni ile ya miaka mingi ya kilovolti 132. Msongo huo ni theluthi ya ule wa kwanza, kwa hiyo kwa mzigo uleule na waya uleule upotevu wake ni kama mara tisa. Upo mzunguko mwingine wa magharibi kupitia Dodoma, Singida na Babati, nao ni mrefu. Umeme unaotoka Ethiopia unasafiri hadi Kenya kwa njia ya kilovolti 500 ya zaidi ya kilomita 1,000, ya aina maalumu inayopoteza kidogo kwa safari ndefu, kisha unaingia Tanzania kwa njia mpya ya kilovolti 400 ya Isinya, Namanga, Arusha hadi Singida. Zaidi ya hapo, kwa kawaida anayenunua umeme mpakani analipia uliofika. Uliopotea huko nyuma ni wa muuzaji.

Kwa hiyo hoja ya TANESCO ina mashiko ya kiufundi. Haijibu, hata hivyo, kwa nini bwawa lilikamilika kabla ya njia za kuutoa umeme. Njia ya kilovolti 400 kutoka Chalinze hadi Dodoma, ambayo ndiyo ingeyaunganisha maji ya Rufiji na mzunguko mkubwa wa nchi, ilikuwa bado inajengwa mitambo ilipokuwa tayari inazunguka. Swali la haki ni hilo, kuliko lile la kwa nini tununue kwa jirani. Nchi zinazouziana umeme hununua na kuuza kwa mwelekeo wowote, na njia ileile ya Namanga inaweza kupeleka wa kwetu Kenya masika yakiwa mazuri.

Maji yaliyofika Muhoro

Kuhusu mafuriko, kila upande una kipande cha ukweli. Bonde la chini la Rufiji, iliko Muhoro, limefurika tangu enzi na enzi. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda maeneo ya juu, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji. El Niño ya 1997/98 nayo haikusubiri bwawa. Aliyesema bwawa ndilo lililozua mafuriko ya 2024 amesahau historia ya wilaya yake.

Lakini anayesema bwawa haliwezi kuhusika kabisa naye anakosea. Bwawa lenye nafasi linakata mafuriko: linameza wimbi la maji na kuliachia taratibu. Bwawa lililojaa halina pa kumezea. Kinachoingia inabidi kitoke kupitia milango ya utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, la sivyo maji yatapanda juu ya tuta, na hilo hakuna mhandisi atakayelikubali. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikuta bwawa limeshakaribia kujaa, na mitambo inayofanya kazi ikiwa bado michache, hivyo njia kuu ya kutolea maji ilikuwa milango hiyo. Serikali ilisema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, na kwa kilele cha maji hilo linawezekana sana. Kwa mkulima wa Muhoro, tofauti inaletwa na mambo mawili ambayo binadamu anayapanga: nafasi kiasi gani iliachwa wazi kabla ya masika, na taarifa ya kufunguliwa milango ilimfikia siku ngapi kabla.

Nao wanaosema maji yameondolewa umeme wamekosea sababu, ila wameona kitu. Maji hayapotezi chochote kwa kuzungusha mtambo zaidi ya msukumo wake. Kinachopotea kinabaki nyuma ya ukuta: tope. Mto ukipunguza mwendo ndani ya ziwa, tope linazama. Watu wa Rufiji wamelima mashamba ya mlau kwa vizazi, wakipanda kwenye ardhi ambayo mafuriko yameilowesha, kuirutubisha na kuondoka. Delta yenyewe, pamoja na mikoko yake na kamba wanaozaliana humo, imejengwa na tope hilohilo. Maji masafi yanayotoka bwawani hayana cha kuacha shambani. Hili, pamoja na kuliingiza ziwa ndani ya Selous, hifadhi iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982, ndilo lililowafanya wahifadhi na UNESCO kupiga kelele tangu mwanzo. Kelele hizo ziliitwa uadui wa maendeleo, na nyingine pengine zilizidi kipimo, lakini suala la tope halina siasa.

Bei? Kwa kifupi: kufua ni sehemu moja ya uniti. Waya, transfoma, upotevu, mishahara, madeni ya zamani ya shirika na kodi vyote vimo humo, na mteja wa kawaida anayelipa Sh356 kwa uniti anakuwa amelipia pia VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine kabla umeme haujawaka. Maji hayanunuliwi kama mafuta, lakini EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hupanga bei kwa kuangalia mzigo wote, si mto peke yake. Anayesubiri bei ishuke kwa sababu mtambo wa tisa umewashwa atasubiri.

Kinachoweza kuturudisha kwenye mgao ni mto wenyewe. Mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalishuka chini ya kimo cha kuendeshea mitambo, na nchi ikaingia kwenye mgao ambao wengi bado wanaukumbuka kwa sauti ya majenereta. Ruaha Mkuu, ulioilisha Mtera, umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi tangu miaka ya 1990, huku mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu yakichota maji sehemu ya juu ya mto. Rufiji inaegemea Kilombero, ambako mpunga, miwa na mifugo vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kumwuliza mbunge au mtu wa TANESCO swali moja kuhusu bwawa, mwulize maji yalikuwa mita ngapi juu ya usawa wa bahari mwishoni mwa Novemba, kabla mvua hazijaanza. Kama jibu liko karibu na 184, omba taarifa za kufunguliwa milango ziwafikie watu wa Rufiji mapema. Kama liko karibu na 163, nunua mishumaa.